Fundi wa Lineti wa Murara

Katika watu wote niliowahi kufanya nao kazi, hakuna aliyejua kunipandisha mori kama fundi wa lineti wa Murara. Lineti ni ile darubini inayofungwa juu ya bunduki ili mlengaji aone mbali, na pale Goma yeye peke yake ndiye aliyeaminika kuitengeneza. Ungempelekea bunduki, umwambie lineti haikubali kukaa zero, kwamba unalenga hapa na inapiga pale, naye asiiguse. Angekutazama miguuni. "Ulipiga na biatu hivi?" Umetembea kutoka Kyeshero juani, umebeba chuma begani, umepita vizuizi ambapo kila askari ametaka kujua bunduki ni ya nani, halafu mtu anakuuliza habari za viatu.

Mimi sikuwa mwindaji wala askari. Nilikuwa muuguzi wa wanyama, nikimsaidia daktari mmoja aliyetibu wanyama wa msituni, na bunduki yetu ilirusha sindano za usingizi kwa nguvu ya gesi. Mnyama akinaswa na waya wa mtego, unamchoma sindano kwa mbali, analala, unakata waya, unasafisha kidonda, unaondoka kabla hajaamka. Ni kazi nzuri sana, mradi sindano ifike. Bila lineti iliyokaa sawa haifiki, na ndiyo maana nilikuwa mateka wa yule mzee.

Alikuwa na njia moja tu ya kufanya kazi, na alitaka dunia nzima iifuate. Juu ya lineti kuna vitufe viwili vya kuzungusha, yeye aliviita turele: kimoja cha kupandisha na kushusha, kingine cha kupeleka kushoto na kulia. Watu wote, mimi nikiwamo, bunduki ikikosa tunakimbilia turele. Kwake hiyo ilikuwa dhambi. "Mutu akikosa, anashika turele," alikuwa akisema kwa uchungu. "Mugulu inauma, anafunga kichwa!" Ilibidi kuanza chini. Kwanza viatu, kama mpigaji amesimama imara. Kisha kitako cha bunduki, kama ubao umepasuka. Halafu kile chuma kinachoibeba lineti. Kisha pete mbili zinazoizunguka, maana zikilegea lineti inatembea kila mshtuko, na zikikazwa mno zinaubana mwili wake hadi cha ndani hakisogei. Unazungusha turele weee, hakuna kitu, mara kinaruka chote kwa mpigo. Kisha visi, yaani skrubu, moja moja. Turele zilikuja mwisho, na mara nyingi hazikuja kabisa, kwa sababu kosa lilikwisha kuonekana njiani. Angeniambia hayo kwa dakika moja ningemshukuru. Alinifundisha kwa miaka, kwa kunikatiza kila nilipofungua mdomo.

Kila visi aliyoikaza aliipaka mstari mwekundu wa rangi ya kucha, kuanzia kichwani mwa visi hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, ujue visi imezunguka yenyewe au kuna mtu ameichokoza. Rangi ilikuwa ya mkewe.

"Angaria," mama yule aliniambia siku moja akinionyesha chupa tupu. "Bunduki za batu ziko na kucha muzuri kupita zangu. Miye nikienda ku arusi nafichaka mikono."

Mzee alikuwa pale pale na akajifanya hakusikia. Alikuwa na kipaji cha hilo.

Tena alikuwa Mwislamu wa kushika dini, hakosi swala. Lakini kama chuma cha kubebea lineti kimekaa upande, inabidi kupenyeza chini yake kipande chembamba cha bati, na bati lolote halikumridhisha isipokuwa la kopo la bia. Alijaribu mengine yote, alisema, hili ndilo lenye unene wa haki. Kwa hiyo aliniagiza mimi, Mkatoliki, nimletee makopo, na aliniagiza mbele ya majirani, kwa sauti. Nilipomcheka akanikunjia uso. "Pombe ni haramu. Kopo ilikosa nini?" Bia yenyewe nani aliinywa, hilo halikumhusu. Mtaani wakaanza kunitazama vingine.

Sikio lake moja lilikufa kwa milio ya bunduki huko Vitshumbi, kando ya ziwa jingine lenye wavuvi, alikokaa miaka na walinzi wa wanyama, na lile lililobaki hakuliamini. Turele ikizungushwa hutoa mlio mdogo kila hatua. Yeye aliegemeza lineti kwenye mfupa wa taya, akafumba macho, akazisikia hatua kwa mfupa. Ukikohoa, anaanza upya. Huko Vitshumbi pia ndiko alikoharibikiwa kwa upande wa samaki, kwani hakuna samaki wa Ziwa Kivu aliyemfaa tena. Sambaza, vile visamaki vidogo vya Kivu, aliziita mchele wenye macho, halafu akazila zote na kuuliza kama zimebaki.

Miaka hiyo ilikuwa ya waasi. Waliotawala mji leo walikuwa wamewafukuza wa jana, na wote walikuwa na bunduki. Siku moja nikiwa kwake waliingia wanaume wenye sare, na mkubwa wao ameshika bunduki ndefu yenye lineti. Ilikuwa inapiga kushoto, alisema, na alitaka itengenezwe sasa hivi. Mkewe aliingia ndani akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Mimi nilitafuta kwa macho mahali pa kutokea. Fundi akaipokea bunduki, akamtazama mkubwa miguuni.

"Chef, ulipiga na biatu hivi?"

Nilidhani tumekwisha. Yule mkubwa akatazama buti zake mwenyewe, na tangu hapo akawa amenaswa kama sisi wengine. Fundi alifungua kila visi, akazipanga juu ya kitambaa. Akamlaza mkubwa kifudifudi aonyeshe anavyolenga, akamwambia anapumua vibaya. Akaenda kuswali. Akarudi, akaanza upya tangu kwenye kitako. Jua lilipoinama, mkubwa aliishiwa subira. "Rudishia byote, muzee. Tutatafuta mutu mwingine." Akarudishiwa bunduki yake imefungwa vizuri, ina mistari myekundu kila mahali, na bado inapiga kushoto.

Walipotoka nilikaribia kumkumbatia. "Papa, uliwachelewesha makusudi!"

Alikasirika kwelikweli. "Miye sichezeake na kazi. Ule mutu hana subira."

Hadi leo sijui kama siku ile alikuwa shujaa au mbishi tu. Kila nilipouliza nilikemewa.

Mlima wa volkano ulio juu ya mji ulipotapika, moto ulishuka mjini ukapita Murara. Watu walikimbia na watoto, masufuria, magodoro. Yeye alipakia etau, ile koleo kubwa ya chuma inayofungwa mezani kushikilia kazi, kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, akaisukuma hadi ng'ambo ya mpaka. Godoro alilibeba mkewe kichwani. Mama hakumsamehe, na hakuna mgeni aliyekunywa chai nyumbani kwao bila kusimuliwa. "Chukudu moja tulikuwa nayo. Akachagua chuma."

Waliporudi, nyumba ilikuwa chini ya jiwe jeusi hadi kwenye paa. Mzee alijenga kibanda cha mbao juu ya jiwe lenyewe, kabla halijapoa, akaifunga etau pale pale. Nilimwambia angoje. Alinijibu kwamba wanaongoja ndio wanaonyang'anywa viwanja, na kwa hilo alikuwa na haki. Jiwe lilikaa na joto miezi na miezi. Mvua ikinyesha lilifuka mvuke. Mkewe alianika mihogo juu yake bila kungoja jua. Na mzee, aliyesumbuliwa na magoti tangu nimjue, alikaa chini amenyoosha miguu juu ya jiwe, macho amefumba kwa raha. "Mungu alitwaa nyumba, akanipa dawa ya magoti," alisema. Alilipenda jiwe lile kuliko alivyoipenda nyumba.

Katika miezi hiyo wafuatiliaji wa msituni walituletea habari ya gorila kijana, ndiyo kwanza ameacha kubebwa mgongoni mwa mama yake. Alikuwa ameukata mtego lakini waya ulibaki umemkaba kiganjani, na kila siku ulizama zaidi. Gorila bila mkono hali na hapandi. Daktari alisema tukichelewa vidole vitakufa, tukichelewa zaidi mkono wote utaoza, na yeye atakwenda nao. Na barabara ya kupanda huko ilifunguliwa na kufungwa kadiri waasi walivyoamka.

Nikapeleka bunduki kwa fundi. Aliikagua kuanzia chini hadi juu, chupa za gesi amezilaza juu ya jiwe pembeni yake, kisha akarusha sindano kwenye kipande cha godoro kilichosimamishwa mwisho wa kiwanja. Katikati kabisa. Tukapanda. Asubuhi ya msituni ilikuwa ya baridi ya kung'ata. Yule kijana alikaa wazi, ameushika mkono mbovu kwa ule mzima, anautazama. Nililenga paja. Sindano ikaanguka kwenye majani chini ya miguu yake, na kundi zima likatoweka.

Nilirudi Murara, buti bado zina tope la msituni.

"Bega yako ilitetemeka," mzee akasema, kabla sijamaliza kusimulia.

"Haikutetemeka, papa. Bunduki iko inapiga chini."

"Leta hapa." Akaokota chupa ya gesi kutoka juu ya jiwe, akaitia, akarusha. Katikati ya godoro. "Ona na macho yako. Pete ziko muzuri, visi ziko muzuri, turele ziko muzuri. Inabaki nini? Inabaki weye."

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Godoro lina tundu katikati, na mwenye tundu anakutazama.

Tulipanda tena, sindano ikaanguka chini tena. Safari hiyo daktari aliishika turele mwenyewe akaipandisha kwa kukisia, lakini kundi lilikwisha kuhama bonde. Tuliporudi, fundi aliegemeza lineti kwenye taya, akazungusha kidogo, akafungua macho. "Nani alishika turele?" Nikamwambia ni daktari. "Umwambie daktari, miye siingiake ku dawa yake." Akairudisha kwenye zero yake, katika kibanda chake, juu ya jiwe lake. Sikio la kufa halisikii dawa. Kisha barabara ikafungwa kwa mapigano, tukakaa Goma tunasikiliza mizinga ya mbali, na mimi kila nikishika kikombe nawaza vidole vya yule kijana. Nilimchukia mzee siku hizo, nasema wazi. Nilimchukia kwa chai yake ya tangawizi na miguu yake iliyonyooshwa kwenye joto wakati waya unaendelea kuzama.

Barabara ilipofunguka nilikwenda kwake hata salamu sikutoa. "Twende, papa. Utaona weye mwenyewe."

Nilijua atakataa. Magoti yalikuwa mabovu, na mkewe alikuwa ameanza kupiga kelele kwamba mlimani kuna waasi na baridi, achague kimoja cha kumuua. Mzee akasimama, akavaa koti. "Naenda kuangaria hiyo bega."

Alipanda akilaumu kila kitu: tope, upupu, buti za kuazima, mwendo wangu wa mtu wa Butembo. "Beye batu ba Butembo, munatembeaka sawa vile soko inafungwa." Hakukubali kubebewa bunduki. Tulipowafikia gorila alikuwa hana pumzi, na alipomwona yule kijana alinyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mkono ulikuwa umevimba. Kidole cha mwisho na cha jirani yake vilikwisha kugeuka rangi.

Nililenga. Mzee alisimama nyuma yangu akitazama bega langu, si mnyama. Sindano ikaanguka chini ya miguu, mahali pale pale. Kwa bahati kundi lilisogea kidogo tu, likaendelea kula.

Akanyoosha mkono, nikampa bunduki. Akaipapasa kuanzia chini: kitako, chuma, pete, mistari ya rangi. Yote mizima. Vidole vikafika kwenye chupa ya gesi, vikabaki pale.

"Iko baridi," alinong'ona. "Imelala."

Gesi ikipoa nguvu yake inapungua. Yeye alilijua hilo, daktari alilijua, hata mimi nilifundishwa. Lakini mjini tulimwachia fundi kila kitu, na kwa fundi kila chupa ililala juu ya jiwe la moto kabla ya kujaribiwa. Zero yake ilikuwa ya kweli, ila ni pale kibandani tu. Alikuwa amekagua vyote kuanzia chini, akasahau ardhi aliyokalia. Na mimi niliyemwona kila siku akiota joto lile, sikuliwaza.

Akachukua chupa nyingine kwenye mfuko wangu, akafungua koti, akaitia kwapani, akakaa kwenye majani maji amejikunyata, anaigandamiza kwa mikono yote miwili huku meno yakigongana. Tukangoja. Kila nilipomtazama alitikisa kichwa: bado. Mwishowe akaitoa, akaitia upesi kwenye bunduki. "Piga sasa, isilale tena."

Sindano iliingia pajani.

Tukaukata waya. Mkono ulipona baadaye, lakini vile vidole viwili daktari alivitoa siku ile ile, havikuwa na uhai. Mzee alishikilia chupa ya dawa akatazama hadi mwisho bila kugeuza uso. Wakati wa kushuka hakulaumu hata tope.

Nilingoja aseme. Sikutaka mengi, neno moja tu. Nilipokwenda tena kibandani nilikuta ndoo ya maji ya ziwa pembeni ya etau, na chupa za gesi zimezamishwa humo zipoe kwanza.

"Umebadilisha, papa," nikasema, nikimtegea.

"Nibadilishe nini? Nafanyaka vile siku zote."

Mkewe, nyuma yake, aliinua macho juu. Kidogo tu nimwagie mzee ndoo ile kichwani. Na haikuishia hapo. Miaka ikapita, waasi hawa wakaondoka wakaja wengine, na mimi zaidi ya mara moja nilimsikia akimweleza mteja, mbele yangu, kwamba gesi lazima uijulie baridi yake, ila watu wa leo hawana subira ya kujifunza. Nilikuwa nikitoka nje nikatembee.

Mlima ulitapika tena, miaka mingi baadaye. Safari hiyo moto haukumfikia, lakini matetemeko yalikibomoa kibanda, mkewe alikwisha kufariki, na binti yake akamchukua kwake Kyeshero, karibu na kwangu. Nilikwenda kumsalimu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alinijua kwa sauti, akauliza habari za kazi, akauliza kama barabara ya msituni inapitika. Kikombe cha chai kilikuwa mezani mbele yake, hajakigusa.

"Ule kijana. Iko?"

"Iko, papa. Imekuwa kubwa, mugongo ilishakuwa mweupe. Bafuatiliaji baliiona."

"Na mukono?"

"Inashika."

"Inashika namna gani?" Akaninyooshea mkono wake juu ya meza. "Sioni. Nionyeshe."

Nikakishika kiganja chake, kikavu na kizito bado, nikamkunjia kidole cha mwisho na cha jirani yake, nikavifunga ndani. Kisha nikamwekea kikombe kwenye vile vilivyobaki. Chai ilitikisika, ikamwagika kidogo kwenye meza. Akakibana, akakiinua polepole hadi kikatulia.

"Bile bidole bibili," akasema, "ni byangu."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka yote. Nilikuwa na jibu lake tayari, refu, lenye godoro na bega na ndoo, na nililizoea kiasi kwamba nilikuwa nikilisema peke yangu njiani. Halikutoka. Nilimkasirikia upya, kwa kungoja kwake mpaka siku ambayo sina tena nguvu ya kumkasirikia.

"Kunywa chai, papa," nilimwambia kwa ukali. "Itapoa."

Akanywa yote hadi mwisho, vidole viwili bado amevikunja.